Mbwa Msemaji na Watu Walionyimwa Kauli: Juu ya Tintin au Congo

Kitabu cha katuni Tintin au Congo, kazi ya Mbelgiji Hergé, kilianza kutolewa sehemu kwa sehemu katika gazeti la watoto Le Petit Vingtième mwaka 1930, kikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Hukumu juu yake hutofautiana kwa kadiri ya jamii inayokisoma. Mwaka 2007, tume ya Uingereza ya kupambana na ubaguzi wa rangi ilikilaumu, na duka moja kubwa la vitabu likakihamishia kwenye rafu za watu wazima. Mwaka huohuo Mkongomani aliyeishi Brussels alikishitaki. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia, ikishikilia kwamba mchoraji hakukusudia kuchochea chuki. Kinshasa nako, wachongaji wamekuwa wakiuza sanamu za mbao za Tintin.

Basi Uingereza ilitazama umri wa msomaji, Ubelgiji nia ya mwandishi, na mchongaji akatazama mfuko wa mnunuzi. Wapo wanaozitaja sanamu hizo kuwa ushahidi kwamba Wakongomani wenyewe hawaoni ubaya wowote. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani biashara si msamaha.

Kipimo kilichosahauliwa ni lugha. Mwaka 1946 somo lililowaambia watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji liliondolewa, likawekwa la hesabu. Lakini Kifaransa kilichovunjwavunjwa walichotiwa vinywani Waafrika kilibaki, ilhali Milou, mbwa wa Tintin, husema sentensi kamili.

Uzito wa jambo hili hudhihirika kitabu kinaposomwa Shabunda. Huko Walega walifundishana maadili katika chama cha Bwami, ambamo vinyago na sanamu huambatana na methali, na mwenye kupanda cheo hana budi kujifunza kuzifasiri. Mwaka 1948 utawala wa Ubelgiji ulikipiga marufuku chama hicho. Watu waliochorwa kama wasiojua kusema ndio waliofungiwa shule yao ya usemi.

Kwa hiyo, mhakiki wa Kivu anayekipima kitabu hiki kwa nia ya mwandishi peke yake ameazima mizani ya Brussels. Wanafunzi wa Shabunda wasikatazwe kukisoma. Wakisome sambamba na methali za Bwami, wachunguze nani amepewa sentensi kamili na nani amenyimwa.