Fundi Aliyeunganisha Nyimbo

Ukikitazama leo kipindi cha Shindig!, kilichoanza kurushwa na ABC ya Marekani Septemba 1964, macho yatakimbilia kwa waimbaji: Sam Cooke, ndugu wawili wa Everly, The Righteous Brothers. Kitazame tena, na safari hii waache waimbaji, uangalie pale wimbo mmoja unapokwisha na mwingine unapoanza. Makofi hayajatulia, kamera imeshahama, taa imeshawaka upande wa pili wa jukwaa, na mtu mwingine yuko katikati ya ubeti. Mtangazaji Jimmy O'Neill akipewa nafasi hutumia maneno machache, kisha anapisha. Kazi hiyo ya baina ya nyimbo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, na mwenyewe ni Mwingereza Jack Good.

Good hakutokea kwenye muziki. Alizaliwa mwaka 1931, akasoma Oxford, na huko akawa kiongozi wa chama cha maigizo cha wanafunzi. Moyo wake ulikuwa kwa Shakespeare. Mwaka 1956 aliingia sinema kutazama Rock Around the Clock, na kilichomteka hakikuwa filamu yenyewe. Aliwatazama vijana waliokuwa ukumbini, walioshindwa kukaa vitini mwao. Alichokiona pale kilikuwa mchezo wa kuigiza ambao nusu yake ilikuwa inachezwa na hadhira.

Nafasi ya kulijaribu wazo hilo ilipatikana haraka. Hadi mwanzoni mwa 1957, televisheni ya Uingereza ilikuwa ikinyamaza kati ya saa 12 na saa 1 jioni, wazazi wapate kuwalaza watoto wao. Utaratibu huo ulipoondolewa, BBC ikajikuta na saa nzima tupu, na tarehe 16 Februari 1957 ikaijaza Jumamosi jioni kwa kipindi kilichobeba saa yake katika jina: Six-Five Special. Wakuu walitaka mchanganyiko wa mazungumzo, michezo na mambo ya kuelimisha. Hata bondia Freddie Mills alikuwa miongoni mwa watangazaji. Good, mtayarishaji wake, alitaka muziki na watu wanaocheza. Inasimuliwa kwamba aliacha mandhari zijengwe kama walivyoagiza wakubwa, na dakika ya kwenda hewani ilipokaribia akaamuru zisukumwe kando, vijana wakajaa sakafuni. Iwe ilitokea hivyo hasa au imeongezwa chumvi, ndivyo kipindi kilivyoonekana: vijana walikuwa mbele ya kamera, wakicheza bega kwa bega na wanamuziki.

Asingeweza kudumu BBC. Mwaka 1958 alihamia upande wa televisheni pinzani, ITV, na kuanzisha Oh Boy!, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, ufundi wake ulipokomaa. Kilirushwa moja kwa moja kila Jumamosi kutoka Hackney Empire, jumba la zamani la maonyesho mashariki mwa London, kuanzia Septemba 1958 hadi Mei 1959. Nyimbo zaidi ya kumi zilipita katika muda usiotimia nusu saa. Anayejua studio ya siku zile ataelewa ugumu wake: kamera nzito, hakuna kurudia, hakuna kukata baadaye. Jibu la Good lilikuwa kuondoa kila kinachochelewesha. Hakutaka kila mwimbaji aje na wapigaji wake, maana kubadilisha vyombo kunakula dakika. Akaweka bendi moja, Lord Rockingham's XI chini ya Harry Robinson, yenye saksofoni zinazounguruma na ogani ya Cherry Wainer. Bendi haikuondoka jukwaani, waimbaji ndio waliopokezana mbele yake. Waitikiaji wakawa Vernons Girls, kundi lililoanzia kwenye kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira huko Liverpool, na Dallas Boys. Hao walijaza kila mwanya: anayeimba akimaliza, sauti zao zinambeba anayefuata hadi afike kwenye mwanga.

Jukwaa lilikuwa giza, likikatwa na miale ya taa. Mapambo mtu huyatazama mara moja akayazoea, lakini taa inayowaka ghafla juu ya uso haizoeleki. Aliyeziongoza kamera zile alikuwa Rita Gillespie, mwanamke katika chumba ambacho miaka ile karibu kote kilikuwa cha wanaume. Good alimthamini kiasi kwamba baadaye alifanya naye kazi tena ng'ambo. Ndoto ya mtayarishaji haina thamani bila mtu anayejua ni kwenye pigo lipi ahamishe picha.

Kwa waimbaji nako alikuwa mwongozaji wa maigizo. Tarehe 13 Septemba 1958 alimtoa Cliff Richard, kijana wa miaka 17. Alimtaka anyoe nywele za mashavuni na aweke gitaa chini, maana alifanana mno na Elvis. Ni uamuzi mkali, na ni wa busara. Mwimbaji aliyezoea gitaa akinyang'anywa hana pa kuficha mikono, inabidi auelekeze mwili wote kwa mtazamaji. Good pia alishikilia kwamba wimbo wa kuimbwa uwe Move It, si ule ambao kampuni ya sahani iliutegemea. Huo ndio uliomjengea kijana jina.

Mwimbaji wa roki Gene Vincent alipofika Uingereza Desemba 1959, Good alikuwa na kipindi kingine, Boy Meets Girls. Alikutana na mtu mpole kuliko sauti yake, tena aliyechechemea kwa sababu ya ajali ya pikipiki. Akili ya Good ikakimbilia kwa Hamlet na Richard III. Akamvika ngozi nyeusi tupu, glavu nyeusi, mkufu kifuani, akamshusha kwenye ngazi kusudi kuchechemea kuonekane. Vincent akaendelea na vazi hilo hata nje ya kipindi.

Kwa hiyo Shindig! haikuzuka tu Los Angeles. Good alikwenda Marekani akiwa na ujuzi wa miaka kadhaa, na alitengeneza kipindi cha majaribio kwa fedha yake mwenyewe. Mbinu ni ileile ya Hackney: waimbaji wanafungua pamoja, kila mmoja mistari michache, na bendi haiondoki. Ila tazama bendi yenyewe! James Burton kwenye gitaa, Leon Russell na Billy Preston kwenye vinanda, Glen Campbell akiingia na kutoka. Kwenye uitikiaji alisimamisha The Blossoms, wanawake watatu Weusi, wakionekana wiki hadi wiki katika Marekani ya 1964. Darlene Love alikuwa mmoja wao. Miaka miwili kabla yake sauti yake ilikuwa imeuza He's a Rebel, huku sahani ikiandikwa jina la kundi lingine. Kwa Good alionekana kwa sura yake.

Halafu kuna tarehe 20 Mei 1965. The Rolling Stones walitaka mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf awe nao katika kipindi, na wakakubaliwa. Brian Jones anamkaribisha, wenzake wanakaa chini pembeni ya jukwaa, na mzee wa miaka 54, pande la mtu, anaimba How Many More Years akitikisika mwili mzima. Ni moja ya nyakati chache ambazo kipindi hiki chenye haraka kinakubali kukaa na mtu mmoja. Fundi wa mwendo anajua pia pa kuuachia.

ABC ilikirefusha kipindi hadi saa nzima, kisha ikakigawa vipande viwili kwa wiki. Good alikuwa ameondoka. Kilirushwa mara ya mwisho tarehe 8 Januari 1966, na nafasi ikachukuliwa na Batman. Mwaka 1968 Good alikuwa Los Angeles tena, ukumbini, na Othello ya Shakespeare iliyotiwa roki aliyoiita Catch My Soul. Iago wake alikuwa mwimbaji wa roki Jerry Lee Lewis.