Fani ya Mstari Unaosinzia

Mchimbaji aliyekesha duarani, yaani shimoni, huko Nyarugusu, Geita, hulala mchana huku karasha zikisaga mawe. Akibandikwa nyaya za kupima umeme wa ubongo, mashine itamwandikia mstari wenye mapigo, mikato na kiitikio. Huo ni utungo, na ninauhakiki kwa fani yake.

Mwanzo una urari. Macho yakifumbwa, wimbi la alfa, alilolitangaza Hans Berger wa Jena mwaka 1929, hupanda na kushuka mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Kisha mapigo yanakatika. Mstari unapungua kimo, theta yenye mwendo wa taratibu inaingia, alfa inarudi kidogo, inapotea tena. Uhai wa sehemu hii umo katika kurudi huko. Maabara huukata mchoro katika kurasa za sekunde 30. Alfa isipofika nusu ya ukurasa, huandikwa kwamba usingizi umeanza. Kanuni hiyo inafaa kwa kuhesabu, lakini inafuta kusitasita kote.

Utamu wenyewe uko kwenye sauti. Mtu aliye macho akisikia mlio, ubongo hujibu baada ya milisekunde 100 hivi, kwa kijiwimbi kidogo mno: hadi majibu ya milio mingi yapigiwe wastani ndipo kionekane. Usingizi ukinyemelea, kijiwimbi hicho hufifia na jibu jingine huchomoza kwenye milisekunde 300 na ushei. Ukikolea, huja jibu kubwa lenye kilele karibu na milisekunde 550. Ndilo wimbi la K, walilolieleza Loomis na wenzake mwaka 1938: mchomo mkali, kisha mteremko mpana, na mara nyingi kishada cha mawimbi mafupi ya haraka nyuma yake. Mlio mmoja tu unatosha, na jicho linaliona.

Katika ngoma ya Kisukuma, mwitikiaji aliyechoka hupunguza sauti. Mlalaji wetu anachelewa, halafu anaitika kwa kishindo zaidi kuliko alipokuwa macho. Tena anachagua: majaribio ya Oswald na wenzake mwaka 1960 yalionyesha kwamba jina la mlalaji mwenyewe huliibua wimbi hilo mara nyingi zaidi kuliko majina ya wengine. Kwa hiyo anayesema mlalaji “amezima” ameusoma mstari vibaya. Mlio wa karasha, kwa kuwa ni uleule, aghalabu humpita. Akiitwa kwa jina mlangoni, mstari unaweza kuruka na asiamke.