Pini Inayofuata Bolti

Karavani za Uingereza, zile nyumba za magurudumu zinazokokotwa na magari madogo kwenda likizo, hushikwa na gololi moja ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50. Ikilika hadi milimita 49, imekwisha. Milimita moja tu! Kwa hiyo fundi makini akiitwa kubadilisha kichwa cha karavani kilicholegea, kile kinachoivaa gololi, haanzi na kichwa. Anaanza na gololi iliyo nyuma ya gari: anaifuta, anaipima kwa kalipa, kisha anaipima tena mbele kwa nyuma, maana huko ndiko inakosuguliwa zaidi gari likivuta na likifunga breki. Kichwa kipya juu ya gololi iliyolika kitacheza vilevile, na mwenye gari atakuwa amelipa bure.

Ndipo anapovuta breki ya mkono ya karavani, anatia kabari kwenye magurudumu na kupiga magoti. Kichwa kimefungwa kwa bolti mbili zinazopenya bomba la kuvutia. Mojawapo haina hadithi. Ya pili, kwenye aina nyingi, imeshika pia jicho la shokapu iliyofichwa ndani ya bomba, ile inayotuliza msukumo karavani inapolisukuma gari linalofunga breki. Ukiichomoa kwa pupa, shokapu inajirudisha ndani kama konokono, na jioni yako imekwenda.

Hapa ndipo ninapouhusudu ufundi huu. Fundi ana pini aliyoikata mwenyewe, fupi kidogo kuliko upana wa bomba. Anaigonga taratibu nyuma ya bolti. Bolti inatokea upande huu, pini inaingia upande ule, na tundu la shokapu halibaki tupu hata kidogo. Kichwa cha zamani kinateleza kutoka, kipya kinavaa, wala pini haizuii kwa kuwa haikuchomoza popote. Kisha bolti mpya inaifukuza pini kama pini ilivyoifukuza bolti ya zamani. Shokapu haikujua kwamba kuna aliyeondoka.

Kwetu grisi ni dawa ya kila chuma kinacholia. Hapa ni sumu. Kichwa chenye vipande vya msuguano, vinavyoibana gololi ili karavani isitikise mkia barabarani, hutaka gololi kavu, bila grisi wala rangi. Fundi huipiga msasa hadi ing'ae. Kikiguna kwenye kona, wacha kigune.

Mwisho anakaza nati kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, anaunganisha karavani na gari, kisha anazungusha gurudumu dogo la mbele mpaka kichwa kiinue sehemu ya nyuma ya gari. Kimeshika. Nati za zamani, zile za kujifunga zenyewe, zimeshatupwa kwenye debe la vyuma chakavu. Hazifungwi mara ya pili.