Bunduki ya Mashoto na Nati ya Brewer

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwa habari ya viatu na miavuli sina la kubishana nao. Lakini ipo bunduki moja ya kuwindia ambayo kila nikiifikiria naiona methali ikipwaya. Ni Savage 110. Iliingia madukani Marekani mwaka 1958 kwa dola 109.95, na namba ya jina lake hutajwa kuwa imetokana na bei hiyo. Mwaka 1959 kiwanda kikatoa ya wenye mashoto. Hadi hapo, aliyetaka raifo yenye boliti ya kushoto alikuwa akienda kwa fundi wa kuagizwa, na fundi wa kuagizwa hafanyi kazi kwa bei ya mkulima.

Tuiangalie kwanza raifo ya kawaida. Boliti ni ule mwiko wa chuma unaoziba chemba nyuma ya risasi, na mpini wake, tangu Mauser ya mwaka 1898 iliyoigwa na karibu kila mtu, umechomoza upande wa kulia. Mwindaji wa mkono wa kulia akishafyatua, kiganja kinainuka, kinageuza mpini juu, kinavuta, ganda linaruka, kinasukuma, kinashusha. Shavu limebaki pale pale kwenye kitako. Mwenye mashoto akipewa bunduki hiyo hiyo, mkono wake wa kushoto lazima uachie shingo ya kitako, uvuke juu ya darubini, ukautafute mpini ng'ambo. Kwenye meza ya shabaha hilo halina taabu. Bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, na mkono wa kulia, ambao hauna kazi, unaweza kuvuta boliti wenyewe. Taabu ni porini, umesimama, na mnyama amejeruhiwa anahitaji risasi ya pili upesi. Kumwacha mnyama ateseke kwa sababu ya mpini ni jambo ambalo mwindaji mwenye haya hulifikiria kabla ya kulipa, si baadaye.

Na kuna la uso. Anayelenga kwa bega la kushoto hulaza shavu la kushoto, kwa hiyo pua na jicho lake la kulia vimekaa upande ule ule wenye tundu la kutolea maganda. Ganda likipasuka ndani ya chemba, gesi ya moto hutafuta njia hapo. Ni nadra. Hata hivyo wabunifu wa bunduki wamekuwa wakichimba matundu madogo ya kupitishia gesi kwa miaka zaidi ya mia, na wengi wao walikuwa wakimfikiria mtu wa kulia.

Sasa tumfikie Nicholas Brewer, aliyeibuni 110. Kila raifo ina kipimo kimoja kisichotaka mzaha: nafasi kati ya uso wa boliti na mahali risasi inapokomea ndani ya chemba. Ikibana, boliti haifungi. Ikilegea, ganda linanyooka kila linapopigwa hata likakatika. Desturi ya zamani ilikuwa fundi kukereza mtutu kidogo, kuufunga, kupima, kuufungua, kukereza tena, hadi ulingane na boliti ile moja iliyo mbele yake. Ni kazi nzuri kutazama, na saa zake zote humwangukia mnunuzi.

Brewer akaweka nati. Mtutu una hesi ndefu kidogo. Unazungushwa kuingia huku boliti imefungwa juu ya geji ya chuma, mpaka unagusa geji, halafu nati kubwa inakazwa kwa spana na kuushikilia hapo hapo. Kipimo kimepatikana bila kukereza tena hata chembe. Kichwa cha boliti nacho akakifanya kipande cha peke yake, kilichoshikwa kwa pini na kuachiwa kucheza kidogo, ili meno yake mawili yakae sawa yenyewe yanapobeba nguvu ya mlipuko. Fundi wa zamani angeyasugua meno hayo kwa mkono siku nzima. Hapa ulegevu uliopangwa unafanya kazi ya msasa.

Wapenzi wa bunduki za kifahari waliichukia nati ile. Ni kweli inaonekana, imekaa shingoni mwa mtutu kama kola iliyovaliwa juu ya shati. Mimi naiona ni alama ya fundi aliyehesabu. Kiwanda kikitaka kutoa bunduki kwa mtu mmoja kati ya kumi, kisha kimtoze bei isiyomfukuza, lazima kipate saa za kupunguza mahali fulani, na Brewer alizipata pale palipokuwa na saa nyingi kuliko kwingine.

Ndugu mdogo wa bunduki hiyo leo ni Savage Axis, ambayo nayo huuzwa kwa boliti ya kushoto na kufungwa kwa nati ile ile. Ruger American pia ipo ya kushoto. Zote mbili zina kizuizi cha usalama juu, nyuma ya boliti, kidole gumba cha mkono wowote kinakifikia. Kitako cha Axis ni plastiki, ukikibana mbele kinanepa, wala sitakitetea. Asiyetaka boliti kabisa ana raifo ya wenzo, kama Winchester ya 1894 aliyoibuni John Browning au Marlin 336: wenzo uko chini, katikati, haujui mkono. Ila ya Winchester, katika zile za zamani, hutupa maganda juu, na darubini hapo haikai vizuri. Zipo pia za risasi moja zinazokunjika katikati. Ni nyepesi mfukoni, na humfundisha mtu kutopoteza risasi ya kwanza.

Lakini kabla ya yote hayo, jicho. Nyoosha mikono, acha kitundu kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linaloongoza. Wapo wanaoandika kwa kushoto na jicho lao ni la kulia, na baadhi yao hujikuta wanalenga vizuri kwa bega la kulia kuliko walivyodhani. Watoto wa pwani waliokanywa kula kwa mkono wa kushoto mara nyingi wana mikono yote miwili yenye adabu ya kazi, na dukani huo ni mtaji.

Nawaza hasa vijana wa Portland, jimbo la Maine, ambako familia kutoka Kongo, Rwanda na Burundi zimekuwa nyingi na Kiswahili si kigeni. Novemba ni mwezi wa kulungu mwenye mkia mweupe. Kijana anapita kozi ya usalama, anajaza fomu 4473 ya serikali kuu na kuchunguzwa, anavaa kofia na vazi la rangi ya machungwa kali, na Jumapili anabaki nyumbani kwa sababu sheria ya jimbo hairuhusu uwindaji siku hiyo. Kijana mwenzake aliyeko Nairobi hana habari na mambo haya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Kijana huyo akiwa na mashoto, ningemwambia achague .308 au .30-06, kwa kuwa bunduki za kushoto hazitoki kwa kila aina ya risasi, na hizo mbili hupatikana hata kwenye duka la kijijini. Pesa iliyobaki ainunulie darubini na risasi za mazoezi. Mtutu ukija kuchakaa baada ya miaka, fundi atalegeza nati na kufunga mwingine, akipima kwa geji ile ile. Wala hatahitaji kuagiza wa kushoto: mtutu hauna kushoto wala kulia, na ule uliotengenezewa bunduki ya kulia ya aina hiyo unaingia bila kubadilishwa kitu.