Hesabu Isiyoandikwa: Mama wa Nyumbani na Bajeti ya Kaya katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Fomu ya kumwandikisha mtoto shule huwa na nafasi ya kujaza kazi ya mzazi. Mwanamke asiye na ajira wala biashara huandika hapo "mama wa nyumbani". Anayeipokea fomu mara nyingi huyasoma maneno hayo kwa maana ya "hana kazi", na pengine mwandikaji mwenyewe amekusudia maana hiyohiyo. Makala haya yanajenga hoja kwamba uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa ukimsoma mama wa nyumbani kwa jicho la fomu hiyo. Tumemweka katika fungu la wahusika tegemezi, tukaorodhesha mateso yake, kisha tukahitimisha kwa kudai ukombozi wake. Kile anachokifanya tangu alfajiri hadi usiku, yaani kulea watoto na kuzitawala fedha asizozichuma, tumekipita kana kwamba ni sehemu ya mandhari.

Dai mahususi ni hili: katika fasihi yetu, kazi ya mama ya kuendesha bajeti ya kaya huonekana pale tu inapoharibika. Siku ambayo watoto wamekula wakashiba na deni la dukani limelipwa haina tukio la kusimulia. Msuko huhitaji mgogoro, na mgogoro wa jikoni huanza sufuria inapokuwa tupu. Kwa hiyo ufanisi wa mama hauachi alama ndani ya matini, na mhakiki anayetegemea yaliyosemwa waziwazi hubaki na ushahidi wa upande mmoja. Ili kulitetea dai hili, makala yanachunguza matini tatu za vipindi tofauti: Utendi wa Mwana Kupona (1858), riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982). Mwishoni, usomaji huo unalinganishwa na uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwani mahakama nayo ni mahali ambapo maisha ya nyumbani husimuliwa na kuhukumiwa.

Bajeti ya Kaya kama Dhana ya Kihakiki

Mwaka 1988 Marilyn Waring, mchumi na mbunge wa zamani wa New Zealand, alichapisha uchambuzi uliokosoa namna mataifa yanavyokokotoa pato lao bila kuhesabu kazi za nyumbani zisizolipwa. Hoja yake ina manufaa kwetu, lakini haitoshi. Yeye aliuliza kwa nini kazi hiyo haihesabiwi na dola. Mhakiki wa fasihi anapaswa kuuliza pia ni hesabu gani mama mwenyewe anaipiga, kwa kuwa humo ndimo maarifa yake yalimo.

Lugha yetu inazo istilahi za hesabu hiyo, nazo zimetoka majumbani: matumizi, hela ya mboga, kubana, kukopa dukani, kibubu, upatu. Kila istilahi hubeba uhusiano wa kimamlaka. Chukua "hela ya mezani", ile inayoachwa asubuhi na mume anapotoka. Ugumu wake hautokani na uchache peke yake. Unatokana pia na kutolewa siku kwa siku. Anayepewa fedha za siku moja hawezi kununua gunia la mkaa. Hununua kwa kopo. Hawezi kununua dumu la mafuta ya kula. Hupimiwa kidogo kidogo. Kwa jumla ya mwezi, vipimo hivyo vidogo humgharimu zaidi kuliko angenunua kwa wingi, na mwezi unapoisha ni yeye anayeulizwa fedha zimekwenda wapi. Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Kwake haba na haba hukitoboa kibaba, kwa sababu kila haba imenunuliwa kwa bei ya juu.

Upatu ni jibu lake kwa tatizo hilo. Wanawake kadhaa hutoa kiasi kilekile kila awamu, na mmoja wao hupokea zote kwa zamu. Upatu hauongezi hata senti moja katika jumla; huibadilisha fedha ya kutawanyika kuwa fedha ya mkupuo. Mwanamke anayejibana kwenye mboga ili atoe zamu yake anafanya uamuzi wa kiuchumi, tena kwa kujihatarisha, maana akigunduliwa anaweza kuambiwa kwamba anaiba. Mhakiki anayemwita mwanamke huyu "tegemezi" na kuishia hapo hajakosea kuhusu chanzo cha fedha, lakini hajaeleza chochote kuhusu akili inayozitumia.

Utendi wa Mwana Kupona: Nyumba na Waliomo

Utendi huu ulitungwa na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Uhakiki wake umegawanyika pande mbili. Upo unaousifu kuwa hazina ya adabu ya mke Mwislamu wa mwambao, na upo unaoulaumu kwa kumfundisha binti utii uliopindukia. Pande zote mbili zinajadili tabia, na zote zinauacha uchumi wa nyumba inayozungumziwa.

Tukiisoma nyumba hiyo kwa jicho la bajeti, tunakutana na jambo ambalo sifa na lawama zote zimelifunika. Binti anafundishwa usafi wa nyumba, matunzo ya mume, kujipamba na kuchunga ulimi, naye anaonywa asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Onyo hilo linafichua msingi wa kaya: nyumba ya kiungwana iliendeshwa kwa jasho la watu wasio huru. Muungwana wa kike aliweza kukaa ndani kwa heshima kwa sababu mwanamke mwingine alichota maji, alitwanga na alibeba. Hivyo basi, sura ya mama aliyetulia nyumbani ambayo mara nyingi tunaisifu kuwa mila ya kale ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa na mtu ambaye utendi haukumpa sauti.

Jambo hili lina uzito hata leo. Mume wa mjini anapomtaka mkewe aishi kwa kipimo cha ustaarabu wa kale bila kuwapo mikono iliyouendesha, humwachia mtu mmoja kazi za nyumba nzima ya watu. Utendi unafunguka kwa mama kumwita bintiye aketi karibu na wino na karatasi. Kwa wino huo yaliandikwa mengi juu ya thawabu za mke. Kazi za waliotumika haikuwekewa hesabu.

Utengano: Kaya Yenye Mali Isiyo na Ufunguo

Ikiwa shida ya mama wa nyumbani ingekuwa umaskini tu, Bi Tamima katika Utengano asingekuwa na shida. Mumewe, Bwana Maksuudi, ni mtu wa mali na madaraka. Ndani ya nyumba yupo mtumishi, Biti Kocho. Hata hivyo Tamima na bintiye Maimuna wanaishi kama wafungwa. Wahakiki wengi wameueleza ufungwa huo kwa dhana ya mfumodume, na maelezo hayo ni sahihi. Yanayopendekezwa hapa ni hatua moja zaidi: kutofautisha kuwa na chakula na kuwa na uamuzi.

Tofauti hiyo hudhihirika Tamima anaposhikwa na uchungu wa uzazi mume akiwa hayupo. Anayekuja kumzalisha ni Bi Farashuu, mkunga mwenye uhasama wa zamani na Maksuudi kwa sababu ya dhuluma aliyomtendea binti yake, Mwanasururu. Katika saa hiyo nyumba yenye kila kitu haina kitu kimoja tu, mtu mwenye idhini ya kuamua. Tamima ni mke, ni mama, ni mwenye nyumba kwa jina, lakini kumleta mkunga chini ya dari yake mwenyewe kunageuka kosa. Katika msukosuko huo Maimuna anatoroka, na mama mtu anapigwa na kuachwa.

Hapa dai letu linathibitika kwa namna ya kusikitisha. Miaka yote ambayo Tamima ameilea Maimuna na kuishikilia nyumba haina sura katika riwaya. Tunamjua siku nyumba inapomponyoka. Talaka inapotolewa, malezi yote hayo hayatajwi kama mchango. Yanayotajwa ni kutoroka kwa mtoto. Maksuudi anapiga hesabu ya hasara peke yake na deni analiandika kwa jina la mkewe. Methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea humsifu mama kwa ujumla, lakini hesabu inapofungwa, kulea hugeuka kuwa kosa la aliyelea.

Nguzo Mama: Kwa Nini Nguzo Haisimami

Tamthiliya ya Nguzo Mama inawasawiri wanawake wa kijiji cha Patata wanaokusanyika kuisimamisha nguzo yao, nao wanashindwa. Usomaji uliozoeleka huiona nguzo kuwa ishara ya ukombozi wa mwanamke, na kushindwa huko kuwa ishara ya utengano wa wanawake wenyewe. Makala haya yanakubali maana ya ishara, lakini yanatilia shaka sababu ya kushindwa.

Tukiwafuatilia wanawake hao mmoja mmoja, tunaona kwamba kinachowaondoa kwenye kazi ya pamoja ni mambo ya nyumbani kwao: mume, watoto, riziki, na ndugu wa marehemu wanaodai mali ya mjane. Hawa si watu wasiopenda umoja. Ni watu ambao muda wao umekwisha kutumika kabla mkutano haujaanza. Muda ni fungu la kwanza katika bajeti ya mama wa nyumbani, na ndilo fungu ambalo kila mtu hulichota bila kuuliza bei. Harakati yoyote inayomtaka mwanamke aje kuinua nguzo bila kuuliza nani atabaki na mtoto inamkopa mtu asiye na akiba. Kwa mtazamo huu, tamthiliya haiwalaumu wanawake kwa kukosa mshikamano kama wahakiki tunavyopenda kudai. Inaonyesha kwamba mshikamano una gharama, na gharama hiyo hakuna aliyeitengea fungu.

Mama wa Nyumbani Mbele ya Mahakama

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe kwa makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Katika mgawanyo wa mali baada ya talaka, sheria hiyohiyo inataja mchango wa kila upande wa fedha, mali au kazi. Kwa miaka kadhaa majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana kama "kazi" hiyo ni pamoja na kupika, kufua na kulea. Mwaka 1983, katika rufani iliyosikilizwa chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia.

Uamuzi huo unastahili sifa unazopewa. Hata hivyo, mwisho wa kesi yenyewe hausimuliwi mara nyingi. Mama aliyekata rufani hakuambulia mgawo, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alikuwa amezitapanya. Makala haya hayana uwezo wa kuihukumu upya kesi hiyo wala hayadai kwamba mahakama ilikosea. Kinachotuhusu ni umbo la simulizi: miaka ya kazi ilikubaliwa kwa ujumla, kama kanuni, ilhali fedha zilizopotea zilihesabiwa mahususi. Mafanikio ya nyumbani hayana risiti, na hasara ina ushahidi. Ni umbo lilelile tuliloliona katika Utengano.

Hitimisho

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba kuhesabu kazi ya mama ni kuugeuza upendo kuwa biashara. Lakini hesabu ipo tayari. Mama huipiga kila asubuhi akiwa mbele ya genge, na kuitaja hakumpunguzii mapenzi kwa wanawe. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kusifu ustadi wa jikoni kunaweza kumrudisha mwanamke jikoni. Hofu hiyo ya wahakiki waliotutangulia ni ya haki. Hata hivyo, kutambua ustadi wa mfungwa si kulisifu gereza. Asiyejua mwanamke amefanya nini ndani ya mipaka aliyowekewa hawezi kusema kwa hakika mipaka hiyo imemnyima nini.

Kwa hiyo makala yanapendekeza kwamba mhakiki anapokutana na mama wa nyumbani katika matini aulize maswali manne kabla ya kumpa lakabu: nani anashika fedha, zinatolewa kwa siku, kwa mwezi au kwa kuombwa, nani anaamua matumizi ya dharura, na kazi ya nani imefichwa ili nyumba ionekane imetulia. Majibu mengi hayatakuwa katika maneno ya wahusika. Yatakuwa katika sufuria iliyopo jikoni bila kuelezwa imejazwa na nani, na katika mtoto anayefika ukurasa wa kwanza akiwa tayari amelelewa. Tasnifu zetu zimeyaandika mengi kuhusu machozi ya mama huyu. Sasa ni zamu ya kuiandika hesabu yake.