Dropu Iliyompa Oda Dhahabu

Sote tuliiona fainali ya tenisi ya viti mwendo kwenye Paralimpiki ya Paris 2024, na sote tunajua ilipoponyoka. Alfie Hewett anaongoza 5-3 seti ya tatu, ana pointi ya ubingwa, mbele yake Tokito Oda, kijana wa miaka 18. Hewett akachagua dropu, yaani mpira mfupi wa kudondosha karibu na wavu. Mpira ukatoka nje, Oda akazoa gemu nne mfululizo, mechi ikaisha 6-2, 4-6, 7-5. Wanaouita uamuzi ule ujasiri wanalipamba kosa.

Dropu ni silaha ya tenisi ya watu wanaosimama. Hata kwa wenye ulemavu wanaocheza wakiwa wima, mwenye mguu bandia anayeruhusiwa mdundo mmoja tu hupata taabu kweli mpira ukidondoshwa karibu na wavu. Mwenye kiti ana midundo miwili, na wa pili unaweza hata kuangukia nje ya mistari. Isitoshe, kwenda mbele ndiko kiti kinakokuweza zaidi. Kisichoweza ni kwenda kando. Mpira mzito ukimfuata mwilini, mchezaji hana budi kuzuia gurudumu moja, kukigeuza kiti na kuutafutia mkono nafasi, huku raketi imebanwa kiganjani palepale anaposukumia gurudumu. Huko ndiko Oda alikopaswa kupelekwa: mpira mrefu, mwilini, alazimike kugeuka. 

Watetezi wanasema udongo wa Roland Garros hukifanya kiti kiwe kizito kuondoka, na kwamba dropu imemlisha Hewett miaka yote. Kuhusu udongo wana haki, na kama ingekuwa gemu ya pili ya mechi nisingeandika neno. Lakini dropu haimsumbui mtu mpaka idondoke fupi na pembeni, yaani inadai usahihi mkubwa kuliko mpigo wowote, saa ileile mkono unapokuwa mgumu kwa presha. Mpira mrefu ukipotea nusu mita bado uko ndani, na Oda bado ana kazi ya kuurudisha.

Shingo Kunieda, mkongwe wa tenisi ya viti mwendo, asingempa mpinzani zawadi hiyo. Fainali ya Wimbledon 2022, dhidi ya Hewett huyuhuyu, alipoteza seti ya kwanza 4-6 na bado akashinda kwa taibreka ya 10-5 katika seti ya tatu. Bekihendi yake aliipiga mpira ukiwa na mdundo mmoja, akisogea mbele, na aliyekosa muda alikuwa mwenzake. Oda ana kipaji, ila kwa utulivu bado hajamfikia mzee yule.

Dhahabu ya wawili Hewett aliichukua na Gordon Reid siku moja kabla, kwa kazi safi. Ya mchezaji mmoja ndiyo taji kubwa pekee alilolikosa, na Paris aliondoka na fedha, kama Rio 2016.