Kujifunza Habari za Misri: Nafaka na Pumba

Katika vijiji vyetu pengine hakuna nchi ya mbali ijulikanayo kwa jina kama Misri. Mtoto asiyeweza kutaja mji mkuu wa nchi jirani aweza kukusimulia jinsi Yusufu alivyouzwa na nduguze, jinsi Musa alivyolazwa katika kisafina kando ya mto, na jinsi Mariamu alivyokimbilia huko na mwanawe. Walakini kujua jina la nchi si kuijua nchi yenyewe. Sisi tulijifunza jambo hili kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika maneno haya.

Siku moja tulikuwa tukifundisha darasa la sita, tukawaambia watoto kwamba piramidi za Giza zilijengwa na Waisraeli wakati wa utumwa wao. Hivyo ndivyo tulivyosikia tangu utotoni, wala hatukupata kulipima neno hilo hata mara moja. Msichana mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, katika Kitabu cha Kutoka tumesoma kwamba walifanya matofali, lakini picha hii yaonyesha mawe. Tena, Wamisri wenyewe walikuwa wakifanya nini? Na sasa wako wapi?" Hatukuwa na jibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa kwetu sisi tuliofundisha tusiyoyajua.

Basi tukashika simu, tukaanza kutafuta katika mtandao wa intaneti. Jioni ya kwanza tulipata pumba tupu. Mmoja asema piramidi zilijengwa na viumbe waliotoka katika nyota. Wa pili asimulia laana ya makaburi ili kuwatisha watu. Wa tatu auza hirizi na kuziita siri za Mafarao. Hawa wote wana kosa moja: hawasemi waliyajuaje hayo wayasemayo. Tena wale wa nyota wawatukana Wamisri, maana ni kana kwamba watu wa Afrika hawakuweza kupanga jiwe juu ya jiwe kwa akili zao na mikono yao.

Lakini mtu asipochoka kupepeta, nafaka huonekana. Tulikuta taarifa za wachimbaji waliofanya kazi Giza kwa miaka mingi, yaani Mark Lehner, Mmarekani, na Zahi Hawass, Mmisri. Wamefukua mahali walipokaa wajenzi, wakaona nyumba zao, mahali pa kuoka mikate, na mifupa ya ng'ombe na mbuzi waliowala. Mwaka 1990 yalionekana makaburi ya wajenzi hao karibu na piramidi zenyewe, nao wamezikwa kwa heshima. Tena mwaka 2013, pwani ya Bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, kundi la Mfaransa Pierre Tallet lilipata vipande vya mafunjo vilivyoandikwa wakati wa mfalme Khufu, yapata miaka 4,500 iliyopita. Ndani yake mna kumbukumbu za kazi za msimamizi mmoja aitwaye Merer. Aeleza siku kwa siku jinsi yeye na watu wake, yapata 40, walivyopakia mawe ya chokaa huko Tura na kuyapeleka Giza kwa mashua. Hapo swali la yule msichana likapata jibu. Wamisri wenyewe walikuwa wakifanya kazi, na karani wao alikuwa akiiandika. Habari za Musa wataalamu huziweka karne nyingi baada ya Khufu.

Baada ya hayo tukaona yafaa tuyapime maghala makubwa ya elimu ya Misri, moja baada ya jingine, ili msomaji asipoteze fedha yake ya kifurushi kama tulivyopoteza sisi.

Ghala la kwanza ni la Giza, lililotengenezwa na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Limekusanya picha, ramani na kumbukumbu za uchimbaji wa George Reisner, aliyechimba Giza tangu mwanzo wa karne ya 20 hata kufa kwake mwaka 1942. Tulilopenda zaidi ni kwamba wamehifadhi pia vitabu vya kumbukumbu vilivyoandikwa kwa Kiarabu na wasimamizi Wamisri wa kazi ile. Kwa miaka mingi watu walimsoma Reisner peke yake, kama kwamba alichimba kwa mikono yake miwili. Kasoro yake kwetu ni kwamba zile picha za kuingia na kuzunguka ndani ya makaburi hula kifurushi kama moto ulavyo nyasi kavu.

Ghala la pili ni la Griffith Institute, Oxford, Uingereza. Hapo zimewekwa karatasi za Howard Carter, aliyefungua kaburi la mfalme kijana Tutankhamun mwezi wa Novemba 1922. Kaburi lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000, na msomaji aweza kusoma maneno ya Carter juu ya kitu kimojakimoja na kutazama picha zilizopigwa na Harry Burton. Hii ni kazi ya uaminifu sana. Walakini tuzitazame picha hizo kwa makini. Wanaonekana Wamisri wengi wakibeba masanduku, hata watoto, na wengi wao hawana majina. Carter mwenyewe aliwashukuru kwa majina wasimamizi wanne, nao ni Ahmed Gerigar, Gad Hassan, Hussein Abu Awad na Hussein Ahmed Said. Tuwafundishe watoto wetu majina hayo pamoja na la Carter.

Ghala la tatu ni makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Jumba la Metropolitan la New York liliruhusu mwaka 2017 picha zake nyingi zitumiwe na mtu ye yote bila malipo, na kwa mwalimu asiye na picha za kufundishia hiyo ni zawadi kubwa. Jumba la British Museum la London lina vitu zaidi ya 100,000 vya Misri na Sudani, na vingi vyaweza kutazamwa katika simu. Lakini hapa pana jambo la kulaumu. Katika majumba haya kitu huonekana peke yake, kizuri na safi, kama jino lililong'olewa. Jiwe la Rosetta lilipatikana Misri mwaka 1799, nalo liko London tangu mwaka 1802. Wamisri wengi, akiwamo Zahi Hawass, wametaka lirudishwe kwao. Msomaji anayelitazama jiwe hilo asiache kuuliza lilifikaje huko.

Ghala la nne ni dogo, nalo ndilo tunalolisifu zaidi kwa ajili ya kijijini. Chuo cha University College London kilitengeneza, kati ya mwaka 2000 na 2003, kurasa za kufundishia kwa kutumia vitu vya makumbusho ya Petrie. Kurasa hizo ni za mtindo wa zamani, maneno mengi na picha ndogo, na kwa sababu hiyo zafunguka upesi hata katika simu hafifu. Tena haziwahangaikii wafalme peke yao. Zaeleza habari za kusuka, za vyungu, za vyakula na za nyumba za watu wa kawaida. Mwanamke wa kwetu afinyangaye vyungu ataelewa mengi humo kuliko katika dhahabu ya Tutankhamun.

Sasa twageukia vitabu vya zamani vitolewavyo bure katika mtandao. Hapo pana mtego. Vitabu vya E. A. Wallis Budge, aliyekufa mwaka 1934, vimejaa kila mahali. Si kwa kuwa ni bora kupita vingine, bali kwa kuwa ni vya bure. Tangu siku zake wataalamu wameendelea sana katika kuisoma lugha ya Misri ya kale, na mengi aliyoyasema yamesahihishwa. Mtego wa pili ni kitabu cha Edward Lane juu ya mila na desturi za Wamisri wa sasa. Lane alikaa Kairo, akajifunza Kiarabu vema, akaeleza mavazi, vyakula na nyimbo kwa uangalifu. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1836! Hao "Wamisri wa sasa" wamekwisha kufa zamani, wao na wajukuu wao. Mtu anayekisoma leo akadhani aiona Misri ya leo ni kama mgeni anayesoma habari za babu zetu kisha akaja kututafuta tukiwa tumevaa kaniki.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lawama yetu kubwa. Maghala haya karibu yote yameipenda Misri iliyokufa kuliko Misri iliyo hai. Kwa kila ukurasa mmoja juu ya mkulima wa leo tuliona kurasa nyingi juu ya maiti wa wafalme. Ndiyo maana yule mtoto aliuliza, "Sasa wako wapi?" Aliuliza kwa haki, maana vitabu vyetu na picha zetu humfanya mtu adhani Wamisri walikwisha wote siku ile maji ya bahari yalipomfunika Farao.

Lakini Misri haikukatika katikati. Ushahidi wa kwanza ni lugha. Mfaransa Champollion alipofumbua maandishi ya kale mwaka 1822, alisaidiwa sana na kujua kwake Kikopti, yaani lugha ile ile ya Misri ilivyokuwa katika siku zake za mwisho, ikiandikwa kwa herufi za Kiyunani pamoja na chache za kwao. Na Kikopti chasikika hata leo katika ibada za Wakristo wa Misri. Anayetaka kuwajua Wakristo hao atafute kamusi kubwa ya mambo ya Kikopti iliyohaririwa na Aziz Atiya, ikatolewa mwaka 1991. Chuo cha Claremont cha Marekani kimeiweka katika mtandao, na kuisoma ni bure.

Ushahidi wa pili ni hesabu ya miezi. Kalenda ya Wakopti ina miezi 12 ya siku 30, na siku tano au sita za mwisho. Miaka yake huhesabiwa tangu mwaka 284, alipotawazwa kaisari Diokletiano aliyewaua Wakristo wengi. Mwezi wa kwanza waitwa Tut, kwa jina la Thoth, mungu wa kale wa waandishi. Na wakulima wa Misri, hata Waislamu, wametumia miezi hiyo kujua wakati wa kupanda na kuvuna. Hebu fikirini, jina la kale kabla ya Kristo, kalenda ya mashahidi wa Kanisa, na shamba la Mwislamu, vyote katika neno moja.

Ushahidi wa tatu ni michezo. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuandika katika orodha yake mchezo wa fimbo uitwao tahtib, unaochezwa Misri ya Juu. Mfano wake waonekana katika michoro ya kale. Orodha hiyo ina picha na filamu fupi za watu walio hai, nayo ni dawa nzuri kwa mtu aliyechoshwa na maiti.

Tena, Wamisri wenyewe wameandika. Taha Hussein, aliyezaliwa kijijini mwaka 1889 na kupofuka angali mtoto mdogo, aliandika habari za utoto wake katika kitabu Al-Ayyam. Akaja kuwa waziri wa elimu mwaka 1950, akapigania shule zisizolipiwa. Naguib Mahfouz aliandika habari za mitaa ya Kairo, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mtu akisoma kitabu kimoja cha watu hawa, hata kwa tafsiri, ataijua nyumba ya Mmisri kuliko akitazama sanamu 1,000.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Msomaji akikuta habari yo yote ya Misri, aipime kwa maswali manne. Kwanza, msemaji aonyesha aliyajuaje hayo? Pili, yaliandikwa mwaka gani? Tatu, kitu hiki kilitoka mahali gani, na kwa mikono ya nani? Nne, je, Mmisri mwenyewe asikika humo? Likikosa la kwanza, na litupwe. Likikosa mengine, na lisomwe kwa tahadhari.

Nasi walimu tuna deni jingine. Maghala haya yameandikwa zaidi kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Ni wajibu wetu kuyachukua yaliyo kweli na kuyasema kwa Kiswahili chepesi, ili mzee asiyejua Kiingereza naye apate sehemu yake.

Juma lililofuata tulirudi darasani, tukasema mbele ya watoto wote, "Juzi tulikosea," tukawasimulia habari za Merer na mashua yake. Tulidhani heshima yetu itapungua. Lakini tangu siku ile watoto huuliza maswali zaidi kuliko zamani, na yule msichana sasa ataka kujua mikate ya wajenzi ilikuwa ya nafaka gani. Tumemjibu ngano na shayiri, na safari hii tulitazama kwanza kabla ya kujibu.